Udhu wa Kutwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wajukuu wa wenzangu, kaeni kitako kwanza na simu wekeni chini. Sikukuiteni kukuchekesheni. Nimeogopa, ndiyo maana naandika. Mtu wa umri wangu vitisho vingi vimeshampita: nimezaa, nimezika, nimelala na njaa nikaamka nayo. Lakini siku hizi mjukuu wangu akirudi chuoni midomo imemkauka, nikamuuliza kama amekunywa maji, akanijibu kuwa hana kiu, hutafuta pa kukaa.

Hofu hii imenijia kutoka nyumba ya jirani. Baina ya nyumba yangu na hiyo pana ua wa makuti tu, na mwenye nyumba ile ni mwanamke mliyemwita Mwalimu, kama sisi tulivyomwita. Jina lake silitaji, wala sisemi amezaliwa wapi na ni mtoto wa nani. Hapa kwetu Vitongoji ukisema Mwalimu bila ya kuongeza neno, hakuna atakayekuuliza yupi. Wa skuli wako wengi, huja na huondoka. Huyu ni wa chuo, aliyekusomesheni msahafu, na kabla yenu aliwasomesha mama zenu.

Chuo chake kilikuwa barazani kwake, na watoto wakizidi walijaa mpaka kwenye banda la kuni. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwengine. Yeye yuko jikoni anachagua mchele, watoto wako nje wanasoma kwa pamoja, kelele tupu, mtu kama mie hujui nani anasema nini. Ghafla utasikia anaita jina la mmoja, kisha neno moja tu: "Rudia." Mtoto anarudia, na kweli pale pana kosa. Hakuwa mkali wa fimbo. Ukali wake wote ulikuwa kwenye neno hilo. Mie nakuna nazi upande wa pili wa ua, na nikilisikia hujikuta nasimamisha mkono, kama vile nazi nayo nimeikosea.

Katika chakula alikuwa na sheria zake. Mtoto akimaliza juzuu, wazazi huleta sinia chuoni, wale watoto wote. Siku za sinia Mwalimu hakukaa. Alisimama juu ya vichwa vyao mikono nyuma, anatazama nani anakula kwa mkono gani, nani anachimba katikati, nani anapuliza chakula cha moto. Mtoto akijaza mdomo, alimwambia ale kama mtu anayetarajia kula na kesho. Aliwafundisha kuwa tumbo limegawiwa mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji, moja la pumzi, na mwisho wa sinia alimnyooshea mtoto kidole: "Fungu la maji liko wapi?" Mtoto mbio kwenye mtungi. Fungu lake yeye liko wapi, hapana aliyemuuliza. Nani amuulize Mwalimu?

Kulikuwa na mwanamke akija na beseni lake mbele ya chuo kuuza malai ya barafu na juisi za rangi za kwenye mifuko, nyekundu ya kutisha macho. Mwalimu alimvumilia siku chache, kisha akatoka na kanga yake nyeupe, akanunua mfuko mmoja, akaumimina mbele ya watoto juu ya kipande cha kitambaa cha marekani. Asubuhi ya pili akakitundika barazani. Kimefuliwa kwa sabuni na wekundu uko pale pale. Akawaambia watazame, tumbo halifuliwi na sabuni. Yule mwanamke alihamishia biashara yake kwenye uwanja wa mpira, akaapa kwamba hajaona mtu mwenye roho ngumu kama yule bibi.

Na mie hakuniacha. Ulimi wangu na chapati za mafuta mnaujua wenyewe, wala leo sijaupatia dawa. Nikichoma chapati, harufu ikivuka ua, utamsikia huko kwake: "Jirani, hilo tumbo nalo unalisomesha? Maana naona limeshapanda darasa."

Nami namjibu: "Lako limefeli, Mwalimu, mwaka wa kumi huu liko pale pale."

Tukicheka, kila mtu na upande wake wa makuti. Maana alikuwa mwembamba, mwepesi, mgongo umenyooka. Sukari hakuitia kwenye chai. Nyuma ya nyumba alipanda mchicha na matembele, akila majani kuliko mbuzi. Watu waliposema kwamba mtu fulani ana sukari, fulani ana presha, tulimtolea mfano yeye. Wanawake wa mtaa mzima tulijiona wagonjwa na yeye ndiye mzima. Nikikumbuka hilo nashikwa na baridi.

Sasa nakuambieni la maji.

Mwalimu alitia udhu alfajiri, na udhu ule alikaa nao. Alisali nao adhuhuri, alisali nao laasiri, na siku nyengine ulimfikisha mpaka magharibi. Sababu yake ya mwanzo ilikuwa ya kweli. Kutwa ana msahafu mkononi, na msahafu haushikwi hivi hivi. Choo chake kiko nyuma ya migomba, bomba maji yake hutoka yanapopenda, na magoti yake yalikuwa yameanza kumuuma, kuchutama na kuinuka kwake ilikuwa kazi. Kila akienda haja aanze upya: ateke, ainame, aoshe miguu, na watoto huko barazani wameshageuza chuo soko. Akaona njia nyepesi ni kutokunywa. Asiyekunywa haendi haja, na asiyekwenda haja udhu wake uko salama.

Ilianza kwa shida hiyo, kisha ikageuka sifa. Tulialikwa arusi Kiuyu, tukaenda naye kwa gari, jua kali, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Kufika tu tukaletewa madafu na sharubati ya ukwaju. Mie la kwanza nimelimaliza nimelitazama la pili. Mwalimu alilowesha midomo akarudisha bilauri. Mwanamke wa pale, mtu wa mdomo mrefu, akamwambia, "Bibi, hunywi? Au umesikia huku kwetu tunaroga?"

Mwalimu akamjibu kwa upole kabisa, "Nimekuja na udhu wangu, mwanangu, nataka nirudi nao."

Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza kwa heshima. Nikawasikia wanawake wananong'ona, mtu huyo, udhu mmoja kutwa, hebu muone. Mwalimu alitazama chini, lakini nnamjua, alifurahi. Na kutoka hapo nikaanza kuona wanawake vijana wa kwetu nao wanarudisha bilauri. Wasichana wa chuo wakashindana nani atafika laasiri bila ya kutoka. Aliyetoka mara mbili alichekwa. Hapana aliyewafundisha kwa mdomo. Walimtazama tu.

Dini haikusema hivyo, na yeye ndiye aliyewafundisha watoto kwamba dini ni wepesi. Mtoto akishikwa na haja chuoni alimwambia bila ya kumtahayarisha, nenda, tia udhu mwengine, urudi. Mwengine ulikuwepo kwa watoto wote. Kwa nafsi yake alijifungia.

Na mtu anayekimbia maji, mngedhani atajihadhari na chumvi. Hapa ndipo alipokuwa na udhaifu wake, na udhaifu huo ulikuwa samaki ng'onda. Wazazi wenye jamaa zao Tumbe walimletea siku za Alhamisi, samaki waliopasuliwa wakatiwa chumvi na kuanikwa mpaka wakawa kama vibao. Siye wengine ng'onda tunamrowesha kwanza, tunamwaga maji yake, ndipo tunampika. Mwalimu hakutaka. Alisema samaki yule ameshakufa mara moja baharini, ukimrowesha umemuua mara ya pili. Alimtia kwenye makaa na chumvi yake nyeupe inaonekana, akamchambua kwa vidole, akala na muhogo wa kuchemsha, na akimaliza alilamba vidole kimoja kimoja huku amefumba macho. Mtu aliyewakataza watoto pipi. Akiona namtazama juu ya ua, alisema kila mtu ana ugonjwa wake wa mdomo na huo ndio wake, nisimtangaze.

Nani asiyejua? Paka walijua. Tulikwenda hitima nyumba ya juu kule, pilau ya nyama imepikwa, watu wanakula. Mwalimu amekaa na sahani yake kwa adabu, na paka wa nyumba wameacha nyama za watu wote wamekuja kumzunguka yeye. Anawafukuza, wanarudi. Mmoja akamparamia mapajani, akaivuta ncha ya kanga yake kwa kucha, fundo likafunguka, na kipande cha ng'onda kikaanguka kwenye jamvi katikati ya wanawake. Alikuwa akitembea nacho. Pilau bila ya kile kipande kwake haikuwa na ladha. Tulicheka mpaka wanaume upande wa pili wakakohoa. Naye akakiokota, akakipangusa, akasema madhali kimeshaonekana basi hapana haja ya kukificha, akakila.

Nakuambieni haya mcheke kidogo, maana nami nimecheka miaka. Kisha jiulizeni: mtu anakula chumvi ile jua la saa sita, anakunywa kikombe kimoja cha kahawa, na mpaka usiku basi. Siku moja nilimuuliza, Mwalimu, huoni kiu? Alinijibu akiwa anafagia baraza, wala hakuinua uso.

"Kiu huzoeleka, jirani."

Nilidhani ni subira.

Miguu ndiyo iliyoanza. Viatu vyake vya kanda vilimwachia mfereji kwenye nyama. Nikimbonyeza kwa kidole juu ya mguu, shimo linabaki. Asubuhi uso umemjaa chini ya macho, mchana unapungua. Alisema ni uzee. Magoti yalipomzidi alikuwa akimtuma mtu dukani amletee vidonge vya maumivu, akivimeza kwa mate au kwa funda moja, asubuhi na jioni, bila ya kumuuliza daktari yeyote. Akaanza kujikuna. Akaacha muhogo. Kisha, siku niliyoogopa kweli kweli, akaacha ng'onda. Alinipitishia juu ya ua kipande kizima, akasema siku hizi anakiona kina ladha ya chuma. Nilisimama nacho mkononi. Mtu kama yule kumkataa ng'onda, ni kama kusikia adhana imekatika katikati.

Nilimwambia twende hospitali. Akasema akimaliza na watoto wa juzuu ya pili. Nikamwambia tena, akasema baada ya mfungo. Mie si mtu wa kubembeleza, nikanyamaza kwa hasira, na hasira yangu haikumsaidia kitu.

Likafika laasiri moja. Nimekaa kwenye mbuzi yangu nakuna nazi, na watoto wadogo wanasoma naye sura fupi, zile mnazozijua hata mkiwa usingizini. Yeye anaanza, wao wanafuatia. Akasoma aya, wakafuatia. Akasoma ya pili, wakafuatia. Kisha kimya. Nikangoja. Mtoto mmoja akadhani anajaribiwa, akaisoma aya inayokuja, sawa sawa. Nikamsikia Mwalimu anasema, "Rudia." Mtoto akarudia. "Rudia." Akarudia, sauti imeanza kutetemeka, maana hajui kosa lake liko wapi. Na mie ninayejua kidogo nilikuwa najua kwamba kosa halipo. "Rudia," alisema mara nyengine, na sauti yake haikuwa ya kufundisha. Ilikuwa ya mtu anayepapasa ukuta gizani.

Niliacha nazi nikapita katikati ya makuti, kanga ikachanika. Watoto wamekaa wima kama vijiti, hata mmoja hapumui kwa sauti. Mwalimu ana msahafu mapajani, umefungwa. Akaniangalia. Harufu ya pumzi yake ilikuwa ya mkojo.

"Jirani," akaniambia polepole, "sura hii inaendeleaje?"

Nimeshaona watu wanakata roho. Sijaogopa kama nilivyoogopa pale.

Watoto niliwaambia wende kwao. Binti yake, aliyeolewa mtaa wa chini, nikamtumia mtu aje, tukampakia kwenye gari ya jirani mwengine mpaka hospitali. Alikwenda bila ya kuteta, na huko kutoteta nako kulinitisha. Daktari alikuwa mtoto wa kike, kijana, mpole, anamwita bibi. Akampima presha, akaitazama mashine, akampima tena. Akamuuliza maumivu, akamuuliza dawa, kisha akamuuliza kwa siku anakunywa maji kiasi gani.

"Ya kutosha," alisema Mwalimu.

Nikasema, "Hanywi."

Aligeuza shingo akanitazama. Jicho lile, nyote lilikupitieni mlipokuwa mnasinzia chuoni. Binti yake akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema tena, daktari, hanywi, anachunga udhu, na chumvi anayokula si ya mtu mmoja. Mwalimu alikaa kimya mpaka tunatoka, na ukimya ule aliuendeleza kwangu siku kadhaa, mpaka binti yake akaja kuniambia nisichukie.

Damu ilipopimwa tukaambiwa figo. Sikukuandikieni hapa ili mseme bibi amesema ni maji tu, basi. Daktari hakusema hivyo. Alisema presha imekaa mwilini miaka bila ya kujulikana, na chumvi ilikuwa inaipandisha. Alisema kukaukiwa kutwa nzima na kuzuia haja kumemletea maradhi ya njia ya mkojo, naye ameyanyamazia. Alisema vile vidonge vya magoti navyo vimechangia. Vyote vimesaidiana, na figo zimechoka, wala hazirudi zilivyokuwa. Nilimuuliza kama akianza kunywa sasa, anywe ndoo nzima, haitasaidia? Daktari akatazama chini. Akasema, bibi, sasa ni kinyume. Sasa maji itabidi tumpimie.

Sikumfahamu siku ile. Nilifahamu baadaye.

Siku hizi damu yake inasafishwa kwa mashine. Siku zake zikifika, mwanawe wa kiume humchukua kwa gari mapema, na akirudi hulala kama nguo iliyokamuliwa. Chuo amekishika mwengine, barazani kwake hapasikiki mtu. Maneno yamesemwa, kwamba ametupiwa jicho, kwamba ni husuda za watu. Nimewajibu wote kwa ukali, na waliokasirika wamekasirika. Jicho halikumfungia mtungi wa maji.

Nilikuwa nakwenda kumtazama kila siku, nakaa naye, tunazungumza kidogo. Lakini siku ninayotaka kukuambieni ni ya juzi hapa. Binti yake alikuwa na lazima ya kutoka, akaniomba nikae na mama yake mpaka karibu na laasiri. Kabla ya kutoka akanipeleka pembeni akanionyesha kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kigae, kina maji nusu. Akaniambia hayo ndiyo yaliyobaki ya leo, ya kumezea dawa. Maji mengine yakizidi hayana pa kutokea, hupanda kwenye mapafu, na mara iliyopita walikaribia kumkosa. "Usimpe, mama. Hata akilia."

Nikasema sawa. Nilidhani ni jambo dogo.

Mwalimu alikuwa amelala chali, midomo imepasuka, ulimi mweupe. Tukazungumza habari za mtaa. Nikamwambia mchicha wake nautilia maji, akasema nisiutilie mchana, utaungua. Kisha akacheka, kicheko kikavu kama majani ya mgomba.

"Unajua, jirani, udhu wangu sasa unakaa kutwa. Sina cha kuutengua. Sijaenda haja ndogo wiki hii."

Nikamfunika miguu, ilikuwa imefunikwa tayari.

Basi mvua ikaanza. Kwanza matone, kisha ikamwagika juu ya bati, maji yanashuka kwenye mfereji yanaingia ndani ya pipa, ile sauti ya kujaa. Nikamuona anageuza uso upande wa dirisha. Koo lake likapanda na kushuka, na hapana alichokimeza.

"Nipe funda moja."

Nikamwambia dawa bado, saa haijafika.

"Nipe," akasema, na hapo sauti ikawa ile ya chuoni, ya kuamrisha. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, mkono ulinyanyuka wenyewe kufuata kikombe. Nikaurudisha. Nikasema siwezi. Akaacha kuamrisha akaniomba. Akanambia kwa haki ya ujirani wetu. Akanambia hapana atakayejua, bati linapiga kelele, binti yake yuko mbali, funda moja tu na yeye hataniomba tena. Nilikikamata kile kikombe kwa mikono miwili nikasimama nimeegemea ukuta, naogopa nikikiweka chini nitampa. Mtu ananiomba maji na mie nayashika simpi. Kwetu hata mbwa wa mtu hanyimwi maji.

Nikachovya ncha ya kitambaa, nikamfuta midomo, maana hilo niliambiwa linaruhusiwa. Akakikamata kitambaa kwa meno akakinyonya. Nikakivuta. Hakukiachia. Mwalimu wetu, wanangu. Tulivutana kitambaa, mie nalia na yeye macho makavu, kwa sababu hata machozi hakuwa nayo, mpaka nikakitoa mdomoni mwake kwa nguvu.

Akalala akahema. Nilidhani atanilaani, na ningeipokea. Mvua ikapungua. Akasema bila ya kunitazama:

"Wale wasichana wanakunywa?"

Nikamuuliza wasichana gani.

"Wa chuo. Walikuwa wakinitazama mie." Akageuka, na macho yake yalikuwa na hofu ile ile niliyokuwa nayo, sikuwahi kuiona kwake hata siku tuliyotoka hospitali. "Walikuwa wakihesabiana nani ametoka. Nikiwasikia. Nikifurahi." Akanishika mkono. "Wamo na wako humo, jirani. Nenda kawatazame."

Nikamwambia siwezi kumuacha peke yake. Akasema basi binti yake akirudi tu, nisikae hata dakika. Tukangoja hivyo, ameushika mkono wangu, mpaka mlango ulipolia. Kikombe nilimkabidhi binti yake, maji yako vile vile nusu.

Nilivuka ua. Nyumbani kwangu wasichana wetu wametandika mikeka, wameshajifunga shungi, wanangoja adhana ya laasiri. Mtungi umejaa juu ya kigoda, umefunikwa, na kata imeanikwa kavu juu yake. Nikauliza nani amekunywa tangu asubuhi. Wakatazamana. Mkubwa akasema kwa majivuno kidogo, bibi, siye wote udhu wetu ni wa adhuhuri.

Sikupiga kelele. Nilifunua mtungi, nikateka, nikaipeleka kata imejaa mbele ya uso wake, maji yanamwagika kwenye mkeka. Nikawaambia wote, na kila atakayelala chini ya bati langu ajue ni amri: "Kunyweni. Mmoja mmoja, mbele yangu, mpaka chini. Udhu ukikatika, mtatia mwengine."